Barua ya Wazi kwa Korti Kuu ya Massachusetts: Mji wa Juu ya Mlima na Majina Matano

Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi,

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili na sina mpango wa kuwatafsiria. Si kiburi. Kazi yangu ni ukalimani. Siku nyingi za juma nasimama katika vyumba vya mahakama na vya hospitali za jimbo lenu, nikiyachukua maneno ya Mkenya, Mkongo au Mtanzania na kuyavusha ng'ambo ya Kiingereza. Leo nimeamua yangu yabaki ng'ambo hii. Mkitaka kujua yasemayo, tafuteni mkalimani. Mkinitafuta mimi, ada yangu sitaipunguza. Sababu ya kufanya hivi mtaiona mbele, tutakapomfikia mwanamke mmoja wa Kiayalandi.

Kwanza nieleze nimepata wapi ruhusa ya kuwaandikia. Nilizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, na sasa naishi Lowell, mji ambao Wakenya tumejaa kiasi kwamba ukienda kununua unga wa ugali Jumamosi utasalimiana na watu watano kabla hujafika kwenye rafu. Uraia bado. Lakini Desemba 1641 Korti hiyohiyo yenu iliidhinisha mkusanyo wa sheria uliotungwa na Nathaniel Ward, mwanasheria aliyekuwa mchungaji huko Ipswich. Kifungu cha 12 kilisema kwamba kila mwanamume, awe mwenyeji au mgeni, awe huru au asiwe huru, anaweza kuja mbele ya korti, baraza au mkutano wa mji, akauliza swali au akatoa malalamiko, kwa mdomo ama kwa maandishi. Mimi ni mgeni, nakuja kwa mlango huo, na ombi langu ni juu ya majina ya wanawake watano walionyongwa kwenu kwa tuhuma za uchawi. Kwamba mimi si mwanamume, hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nimesema Korti hiyohiyo kwa sababu jina lenu halijabadilika. Mataifa mengine yana bunge, ninyi mna Korti Kuu, na mgeni akilisikia jina hilo hudhani ndipo watu wanaposhtakiwa. Hakosei sana. Zamani ndiyo iliyotunga sheria, ikachagua gavana, ikagawa ardhi, ikasikiliza kesi, na ikahukumu watu kifo. Leo mko 160 katika Baraza la Wawakilishi na 40 katika Seneti, na juu ya vichwa vya Wawakilishi ananing'inia samaki wa mbao, chewa wa Atlantiki, kukumbusha biashara iliyowalisha wazee wenu. Mimi mtoto wa pwani nilipomwona nilifurahi. Bunge linalomkumbuka samaki wake si bunge baya.

Mwaka 2030 Boston itatimiza miaka 400. Hotuba zitakuwa nyingi, na najua neno litakalorudiwa katika kila hotuba: mji ulio juu ya mlima. John Winthrop, gavana wenu wa kwanza hapa, alilitoa kwenye Injili ya Mathayo na kulitumia mwaka 1630 kuwaeleza wenzake wanakwenda kuwa watu wa namna gani. Januari 1961 John Kennedy alilirudia, na hakulirudia penginepo, ila mbele yenu, Korti Kuu, siku chache kabla ya kuapishwa kuwa rais. Tangu hapo limekuwa sifa. Kwa Winthrop lilikuwa onyo: macho ya watu wote yako juu yetu, na tukimdanganya Mungu katika kazi hii tutageuka kuwa hadithi midomoni mwa dunia. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mji huo hauwezi kusitirika. Sisi watu wa pwani tunalijua neno hilo vizuri. Sitara ni nguo unayomfunika mtu aibu yake isionekane. Winthrop alichagua mahali pasipo sitara, na akajua anachofanya.

Hadithi ya mwanzo wenu mnaijua, lakini wasomaji wangu wa Kiswahili huenda hawaijui, kwa hiyo mnivumilie.

Machi 1629 Mfalme Charles wa Kwanza aliipa hati kampuni ya wafanyabiashara, Kampuni ya Massachusetts Bay. Kampuni za namna hiyo zilikutana Uingereza, karibu na jicho la mfalme. Hati hii haikutaja mahali pa kukutania. Wapuritani, watu waliotaka kulisafisha Kanisa la Uingereza hadi libaki na Biblia na mahubiri tu, wakaliona tundu hilo. Agosti mwaka huo wakuu wao walipatana huko Cambridge, Uingereza, kwamba wakihama, hati yenyewe itapanda meli pamoja nao. Basi mkutano wa wenye hisa ukavuka bahari na kugeuka serikali. Nimeshafanya kazi kwenye kesi nyingi za uhamiaji, na bado sijaona mtu aliyesoma karatasi zake vizuri kuliko hawa.

Mwaka 1630 zilikuja meli 11 na watu kati ya 700 na 1,000. Charlestown maji yalikuwa mabaya, wakaugua, wakahamia ng'ambo ya mto kwenye rasi yenye chemchemi, wakapaita Boston. Kufikia Desemba watu wapatao 200 walikuwa wameshazikwa. Na rasi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa nchi ya Wamassachusett, ambao maradhi yaliyoletwa na meli za kabla ya hapo yalikuwa yamewafyeka. Jina la jimbo lenu ni lao.

Sasa nije kwenye ninachokipenda katika koloni lile, maana sikuja kuwatukana wazee wenu. Hati ilisema wenye kura wote wakutane mara nne kwa mwaka na kutunga sheria. Winthrop na mahakimu wenzake hawakuitangaza habari hiyo. Waliongoza wenyewe, watu wachache, wakiamini kwamba Mungu amewaweka na kwamba wengi wakishika usukani chombo kitazama. Mei 1631 wakaongeza sharti kwamba mwenye kura lazima awe mshirika wa kanisa, na kuingia kanisani hakukuwa mchezo. Baada ya miaka michache ilibidi usimame mbele ya washirika ueleze jinsi neema ilivyokugusa, nao wakupime.

Mwaka 1632 wakatoza kodi ya pauni 60 kujenga boma la Newtown, inayoitwa leo Cambridge. Watu wa Watertown wakagoma. Mchungaji wao George Phillips na mzee wa kanisa Richard Brown waliwakusanya wakawaambia si salama kulipa fedha kwa namna hiyo, wasije wakajitia utumwani wao na vizazi vyao. Waliitwa Boston wakakaripiwa, wakakiri kosa. Lakini miezi michache baadaye kila mji ulichagua watu wawili wa kushauriana na mahakimu juu ya kodi. Miaka miwili tena, 1634, wajumbe wa miji wakamwendea Winthrop na ombi dogo: tuonyeshe hati. Akawaonyesha. Wakasoma. Wakakuta kwamba kazi ya kutunga sheria ilikuwa yao tangu mwanzo. Kwenye uchaguzi wa mwaka huo wakapiga kura kwa karatasi na Winthrop akaondoka madarakani. Thomas Dudley akawa gavana. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyechomewa nyumba. Nimetoka nchi ambayo kura zimewahi kutuacha na makaburi, kwa hiyo habari hii siisomi harakaharaka.

Mwaka 1643 waliamua mahakimu wachaguliwe kwa mahindi na maharagwe: punje ya mahindi ni ndiyo, harage ni hapana. Kwetu mahindi na maharagwe ni pure, bara wanaita githeri. Yaani mliwahi kutawaliwa na sufuria ya githeri, na mambo yakaenda.

Halafu kuna nguruwe. Hili siwezi kulipita.

Mwaka 1636 nguruwe jike mpotevu aliingia kwa mfanyabiashara tajiri wa Boston, Robert Keayne. Akapiga mbiu, hakujitokeza mwenyewe. Karibu mwaka mzima baadaye akaja mama mmoja wa hali ya chini, mke wa Sherman, akimtafuta nguruwe wake. Yule mpotevu alionyeshwa, akasema siye. Basi wangu ni yule uliyemchinja. Wazee wa kanisa wakasikiliza, wakamwona Keayne hana kosa. Kesi ikaenda kwa baraza la wazee wa mahakama, Keayne akashinda na kulipwa gharama pauni 3, kisha akamshtaki mama yule na mwenzake kwa kumkashifu akashinda pauni 20. Hapo alikosea. Watu walikuwa na kinyongo naye tangu 1639, alipotozwa faini ya pauni 200, iliyopunguzwa baadaye, kwa kuuza misumari na vifungo vya nguo kwa bei ya kunyonya. (Kuuza ghali lilikuwa kosa la jinai, na dhambi pia. Keayne aliandika wosia wa kurasa 158, sehemu kubwa akijitetea. Kisha katika wosia huohuo akaachia mji pauni 300, zikasaidia kujenga jumba la kwanza la serikali. Mtu hasomeki kwa ukurasa mmoja.)

Kesi ya nguruwe ikafika Korti Kuu mwaka 1642. Siku saba walijadili nguruwe. Walipopiga kura, upande wa mama Sherman walikuwa mahakimu 2 na wajumbe 15. Upande wa Keayne mahakimu 7 na wajumbe 8. Wajumbe 7 hawakujua washike lipi. Ukihesabu vichwa vyote, mama ameshinda. Lakini mahakimu walidai kwamba bila wengi wao hakuna uamuzi unaosimama. Wakabishana mwaka mzima na zaidi, vijitabu vikaandikwa, wachungaji wakaombwa ushauri. Machi 1644 wakaona afadhali watengane: mahakimu chumba chao, wajumbe chumba chao, na neno lipite kote kuwili. Waheshimiwa, ndiyo maana mna Seneti na mna Baraza la Wawakilishi. Mtakapopanga sanamu za 2030, msimsahau nguruwe.

Nayasimulia haya kwa kusudi. Katika kila hatua, kilicho kizuri katika utawala wenu hakikutoka juu kwa watakatifu. Kilitoka kwa watu wa kawaida waliosema: tuonyeshe, iandike, isomwe. Ule mkusanyo wa 1641 wenyewe ulipatikana kwa sababu watu waliogopa sheria iliyokaa kichwani mwa hakimu. Una mambo ambayo ningependa yasomwe hata leo: mke asipigwe na mumewe, isipokuwa mume akijikinga anaposhambuliwa, mnyama anayefugwa asitendewe ukatili.

Na una kifungu cha 91, kinachosema hakutakuwa na utumwa, kisha kinafungua mlango: isipokuwa mateka wa vita vya haki, na wageni wanaojiuza wenyewe au wanaouzwa kwetu. Ukishaandika "wanaouzwa kwetu", umebakisha nini? Miaka mitatu kabla yake, Februari 1638, meli iitwayo Desire ilikuwa imerudi Boston kutoka visiwa vya Karibi, ikiwa na pamba, tumbaku, chumvi na Waafrika. Ilikwenda huko na mateka wa Kipequot, wenyeji wa asili waliotekwa vitani. Ni kweli pia kwamba mwaka 1646 Korti iliamuru Waafrika waliotekwa nyara Guinea warudishwe kwao, na ikauita wizi wa watu dhambi iliayo. Dhambi ilikuwa kuiba. Kununua aliyeibwa na mwingine kulipita kimya.

Hao watu waliokimbia Uingereza ili wamwabudu Mungu wapendavyo hawakukusudia kila mtu amwabudu apendavyo. Roger Williams alifukuzwa 1635. Korti Kuu ikaifuta amri hiyo mwaka 1936. Anne Hutchinson, mama wa watoto wengi, aliyekuwa akikusanya watu sebuleni kwake kuyachambua mahubiri ya wachungaji, alihukumiwa Novemba 1637 na kufukuzwa. Gavana Michael Dukakis akamfutia mwaka 1987. Marafiki, wale waitwao Quaker, walinyongwa wanne hapa Boston kati ya 1659 na 1661, Mary Dyer akiwa mmoja wao, na leo sanamu yake imekaa mbele ya jengo lenu. Sijui kama mnafahamu kwamba nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani sasa ni Kenya. Nenda Kaimosi Jumapili uone mbegu ile imeangukia wapi. Na Krismasi mliipiga marufuku mwaka 1659, faini shilingi tano. Tuliache hilo.

Sasa nimefika kwenye ombi langu.

Katika orodha ya makosa ya kifo ya 1641, kila kosa likiwa na aya yake ya Biblia, la kwanza ni kuabudu miungu mingine na la pili ni uchawi. Mauaji ni la nne. Sheria hiyohiyo ilitaka mashahidi wawili au watatu kabla ya kumuua mtu, "au kitu chenye uzito sawa". Katika kesi za uchawi, maneno hayo ya mwisho yalitosha kumpitisha mtu hadi kwenye kamba.

Mei 1648 Korti Kuu iliamuru mwanamke mmoja aliyeshukiwa akeshewe usiku, kama ilivyofanywa Uingereza, ili aonekane pepo wake akimjia. Juni 15 Margaret Jones wa Charlestown akanyongwa. Alikuwa mganga. Ushahidi ulikuwa kwamba akikugusa unaumwa, kwamba dawa zake za bizari tamu na vileo zilikuwa na nguvu kupita kiasi, na kwamba aliyosema juu ya wagonjwa yalitimia. Winthrop mwenyewe ndiye aliyekuwa gavana, na ameandika kwamba saa ileile kimbunga kiling'oa miti Connecticut. Ameandika pia kwamba mumewe alipotaka kuondoka na meli, meli ilianza kuyumba bahari ikiwa shwari, na alipotiwa gerezani ikatulia. Katika sentensi hiyohiyo ametaja kwamba ndani ya meli walikuwamo farasi 80. Sisemi zaidi.

Alice Lake wa Dorchester na Elizabeth Kendall wa Cambridge walinyongwa miaka ya karibu na hapo. Kendall alisingiziwa kumuua mtoto kwa kumshika na kumsifu. Baada ya kunyongwa, ilijulikana kwamba mtoto yule aliugua kwa sababu yaya alimtoa nje usiku kwenye baridi. Wazazi wa mtoto hawakuwa hata wamemshtaki.

Ann Hibbins, Juni 19, 1656. Huyu ndiye aliyenifanya niwaandikie ninyi na si wengine. Alikuwa mjane wa hakimu. Mwaka 1640 aligombana na maseremala, akisema wamemtoza kupita kiasi na kwamba mafundi wanalindana. Kanisa likamwita, likamwambia aombe radhi na kwamba mwanamke hapaswi kumtangulia mumewe. Hakuinama, wakamtenga. Mumewe alipokuwa hai hakuna aliyemgusa zaidi ya hapo. Alikufa 1654, na mwaka uliofuata mama akashtakiwa uchawi. Walimpekua mwili, wakapekua masanduku yake wakitafuta vinyago, hawakukuta kitu. Baraza la wazee wa mahakama likasema ana hatia; mahakimu wakakataa kuipokea hukumu hiyo. Kwa hiyo kesi ikaja kwenu. Korti Kuu, wajumbe na mahakimu pamoja, ikapiga kura, na Gavana John Endecott akatamka kifo. Inasimuliwa kwamba Mchungaji John Norton alisema mezani kwake kuwa mama huyo alinyongwa kwa sababu tu ya kuwa na akili kuliko jirani zake: aliona watesi wake wawili wakizungumza barabarani, akakisia wanamzungumzia yeye, na kukisia sawasawa kukamgharimu maisha.

Wa tano ni Glover, na mwaka ni 1688, Novemba 16. Kwa haki niseme kwamba wakati huo Korti Kuu ilikuwa imevunjwa, nchi ikitawaliwa na Edmund Andros, gavana wa mfalme. Glover alikuwa bibi mzee wa Kiayalandi, Mkatoliki, fukara. Bintiye alikuwa mfuaji. Msichana wa nyumba moja akamtuhumu binti kuiba nguo, mama akaja akafoka, watoto wa nyumba ile wakaanza kuugua ajabu. Kortini alijibu kwa Kiayalandi, ikabidi watafutwe wakalimani wawili. Mchungaji Cotton Mather wa Boston, aliyeandika habari hizo, anasisitiza kwamba bibi huyo alikielewa Kiingereza vizuri sana, kana kwamba hiyo ni hila nyingine ya shetani. Alijaribiwa kwa Sala ya Bwana, akajikwaa, ikawa ushahidi.

Waheshimiwa, mimi nawajua watu wa namna hiyo. Wananijia kila juma. Anaelewa Kiingereza cha dukani, cha basi, cha kuagiza dawa. Lakini hakimu akimuuliza "ulikuwa wapi usiku ule", ulimi unarudi nyumbani, maana maisha yake yote yamo katika lugha ya nyumbani. Kuielewa lugha ni jambo moja, kujitetea kwayo ni jingine. Sheria yenu ya leo inalijua hilo, ndiyo maana nina kazi. Glover angezaliwa siku zetu, pengine mwenzangu mmoja angekaa karibu naye, na sala yake ingetafsiriwa hadi mwisho.

Mtaniambia mambo ya uchawi mmeshayamaliza. Mmeyamaliza ya Salem, zile kesi za uchawi za 1692 na 1693. Mwaka 1711 mlifuta hukumu za watu 22 na kulipa fidia. Mwaka 1957 mkarudi tena, 2001 mkataja majina matano zaidi, na 2022, baada ya wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover na mwalimu wao kuwasumbua, mkamsafisha Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa 1693 akaponea chupuchupu. Jina lake lilipita ndani ya mswada wa bajeti. Sina neno, hata mkiyapitisha haya matano katikati ya fedha za kuziba mashimo barabarani, ni sawa. Ila orodha hizo nne ni za mashtaka ya 1692 na 1693 tu. Waliokufa Boston hawamo. Jirani zenu wa Connecticut walipitisha azimio Mei 2023, wakawaondolea hatia watu 12 wa karne ileile. Kwa nini Salem ikumbukwe na Boston isitirike?

Kuna swali lingine ambalo wenzangu wameniuliza jikoni: Jones na Hibbins wana karibu miaka 400 kaburini, itawasaidia nini karatasi?

Nyanya yangu alikuwa na mvi nyeupe kama pamba. Nikiwa darasa la sita nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi mkekani na shangazi akimpaka piko. Nikacheka, nikamuuliza nyanya unaolewa lini. Hawakucheka. Wiki chache nyuma mzee mmoja wa kijiji cha pili alikatwakatwa kwa panga usiku, ikasemwa alikuwa mchawi, kwani hamkuziona mvi zake? Wapwa zake walilitaka shamba, lilikuwa na mikorosho iliyokomaa. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, wako wazee waliokimbia makwao kwa sababu hiyohiyo. Nyanya alipakwa piko kila mwezi mpaka alipofariki. Tulimzika ana nywele nyeusi.

Familia ya mzee yule bado wanaitwa watoto wa mchawi. Waliomuua wana majina yao safi. Hakuna baraza la chifu lililowahi kukaa na kuandika kwamba hakuwa mchawi, na neno lisiloandikwa linaendelea kuzurura kijijini. Mimi naishi kwa maneno na najua uzito wa muhuri. Serikali ikisema kwa maandishi kwamba huyu hakuwa na hatia, mtu wa Kilifi anaweza kuichukua karatasi hiyo akamwonyesha jirani: tazama, hata wao walifanya haya, hata wao walikosea, na wamesema.

Kwa hiyo naomba kwa kifungu cha 12. Andikeni majina haya katika sheria ya jimbo kabla ya 2030: Margaret Jones, Alice Lake, Elizabeth Kendall, Ann Hibbins, na Glover, ambaye wengine humwita Ann na wengine humwita Goody tu. La Hibbins lisomwe kwa sauti katika mabaraza yote mawili, kwa sababu hukumu yake ilitoka kwenu.

Mkishaandika, nipelekeeni nakala. Hiyo nitaitafsiri bure.

Wenu mtiifu,
Mkalimani wa Kiswahili,
Lowell, Massachusetts